Mtoto wa Shishiyu anafikaje UMITASHUMTA taifa?

Kila mwaka unasikia UMITASHUMTA na UMISSETA. Ni nini hasa?

UMITASHUMTA ni mashindano ya shule za msingi, UMISSETA ni ya sekondari. Sio soka tu. Kuna netiboli, voliboli, mpira wa mikono, riadha, hata mpira wa goli kwa wanafunzi wasioona.

Safari ni ya ngazi. Mwanafunzi wa Shishiyu anaanza shuleni kwake, anaingia timu ya kata, kisha Wilaya ya Maswa, halafu Mkoa wa Simiyu. Akipenya hapo, anaenda taifa. Mwaka 2019 na 2021 ilikuwa Mtwara, 2022 Tabora. Mwaka 2020 corona ilizuia.

Mkoa una uzito wake hapa. Kabla ya 2012 Simiyu haikuwepo, Maswa na Bariadi zilikuwa ndani ya Shinyanga. Kijana wa huku aligombea nafasi na wenzake wa Kahama na Shinyanga mjini. Sasa Simiyu inapeleka timu yake, nafasi zimeongezeka.

Kwa sekondari, kuna ngazi nyingine juu: FEASSA, michezo ya shule za Afrika Mashariki.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii iliwahi kusimamishwa, baadaye ikarudishwa. Ikikatika, wa mjini anaweza kupata klabu au akademia. Wa kijijini anabaki bila wa kumuona.

Kwa hiyo mzazi, mwalimu akimuita mwanao mazoezini jioni, mruhusu. Ngazi ya kwanza ni hiyo.