Panzanella ya Buigiri: Kianzio cha Kiitaliano bila kusogelea jiko

Jua likiwaka Buigiri, wilayani Chamwino, hakuna anayetamani kukaa jikoni. Habari njema ni kwamba kuna kianzio cha Kiitaliano kinachohitaji kisu na bakuli tu.

Watu wa Toscana wanakiita panzanella: mkate uliokauka, nyanya mbichi, kitunguu, siki na mafuta ya zeituni. Kwa Mtanzania, hiyo ni kachumbari iliyotiwa mkate. Zeituni ni ghali, lakini Dodoma inalima alizeti, na mafuta yake yanatosha kabisa. Siki huna? Kamulia ndimu.

Kata nyanya nne zilizoiva, nyunyizia chumvi, acha dakika 15. Maji yatakayotoka usimwage, ndiyo yanayolainisha mkate wa jana (uliokauka, sio wenye ukungu!). Ongeza kitunguu, ndimu, mafuta vijiko viwili na majani ya mrihani. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Msimu ukifika, zikate nusu uchanganye humo, zinapunguza ukali wa kitunguu.

Pasipo mzaha sasa: chakula kisichopita motoni hakina cha kuua vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Nawa mikono kwa sabuni, osha kila kitu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa, na usitumie ubao uliokatia nyama. Kwa hiyo moto kidogo utawasha, ila iwe alfajiri.

Mkate uingie mwishoni. Subiri dakika 10, kisha kula. Hiki hakilazwi.