Je, Wajua? Shanga za udongo bila tanuri

Shanga za Kazuri, zinazofinyangwa na kina mama kiwandani Karen, Nairobi, tangu 1975, huchomwa kwenye tanuri. Ndiyo maana haziyeyuki majini. Udongo unaokauka kwa hewa hauchomwi kabisa. Maji yake hutoka polepole, nao husinyaa, kwa hiyo toboa tundu la uzi ungali mbichi, tena liwe pana kuliko unavyodhani. Usianike juani, hata ukiwa na haraka ya harusi: upande mmoja ukitangulia kukauka, ushanga hupasuka. Kivulini, siku moja hadi tatu zatosha, geuzageuza. Kisha paka rangi na vanishi. Hata hivyo, vua hereni za shanga hizi kabla ya kuoga. Vanishi huyachelewesha maji tu.