UJI MWEPESI SI LAZIMA UWE WA MAJI
Somo la mnato kwa vikundi na kwa walimu wa watoto

Mtoto akikataa uji kwa sababu ni mzito, mama hufanya nini? Mara nyingi huongeza maji. Uji unakuwa mwepesi, mtoto anakunywa, na mama anatulia moyo. Lakini akienda kliniki, anaambiwa uzito haupandi. "Mbona huyu anakula vizuri?" Ndiyo, tumbo linajaa. Ila limejaa maji mengi na unga kidogo.

Ili tuelewe jambo hili, tujifunze neno moja: mnato. Mnato ni ile hali ya kitu cha majimaji kukataa kutiririka upesi. Maji yana mnato mdogo. Asali ina mnato mkubwa. Majaribio yafuatayo yanafaa kikundi cha akina mama, vijana, hata watoto wa shule.

Jaribio la 1: Mbio za matone
Inamisha sinia kidogo. Upande wa juu, weka tone la maji, la mafuta ya kupikia na la asali, yote kwa wakati mmoja. Kabla ya kuanza, waulize watu: ni lipi litafika chini kwanza? Waacheni wabishane kidogo. Maji hushinda, mafuta hufuata, asali huwa ya mwisho.

Sasa tia mafuta kwenye glasi ya maji. Yanaelea! Kumbe mafuta ni mepesi kuliko maji, na bado yalichelewa. Basi mnato si sawa na uzito wa mizani.

Jaribio la 2: Moto na baridi
Weka chupa ya asali ndani ya maji ya moto kwa dakika chache, kisha rudia mbio. Asali ya moto hukimbia zaidi. Uji nao ukipoa huwa mzito. Kwa hivyo ukilinganisha vitu viwili, hakikisha joto lao ni sawa.

Jaribio la 3: Mabakuli mawili ya uji
Kwa jaribio hili mnahitaji unga wa kimea. Chagua wimbi safi, osha, loweka usiku mmoja, mwaga maji. Tandaza juu ya kitambaa safi chenye unyevu na ufunike siku 2 au 3 mpaka ziote. Anika juani zikauke kabisa, sugua mizizi na machipukizi yatoke, kisha saga. Zikiota ukungu, tupa zote. Ukungu una sumu. Msitumie mtama kwa kazi hii, kwa sababu machipukizi yake yana sumu kama ile ya muhogo mchungu.

1. Pika uji kwa kikombe 1 cha unga na vikombe 4 vya maji. Utakuwa mzito sana.
2. Ugawe sawasawa katika mabakuli mawili, uache upoe dakika 10.
3. Bakuli la kwanza: ongeza maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, mpaka uji utiririke vizuri kutoka kwenye kijiko. Hesabu vikombe ulivyoongeza.
4. Bakuli la pili: tia vijiko 2 vya chai vya kimea. Koroga, subiri dakika 10. Usitie maji.

Bakuli la pili litalegea lenyewe, na watu watashangaa. Sababu ni hii: unga ukipikwa hunywa maji na kuvimba, ndipo uji unakaza. Mbegu inayoota hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga ili mche upate chakula. Kimeng'enya hicho ndicho kinachovunja wanga wa uji. Uji ukiwa unachemka, kimeng'enya hufa. Ndiyo maana tulisubiri upoe kidogo.

Sasa tupige hesabu. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hutosha kama kikombe kimoja hivi kwa mlo mmoja. Ikiwa bakuli la kwanza liliongezwa maji hadi likawa mara mbili, mtoto anayekunywa kikombe kimoja anapata nusu tu ya unga. Katika bakuli la pili hakupoteza kitu.

Kabla ya kumpa mtoto, rudisha uji wa kimea motoni uchemke tena ili kuua viini vya ugonjwa. Wengine watauliza, "Si hiki ndicho kimea cha busaa?" Ndicho, lakini uji huu hauchachushwi. Unapikwa na kunywewa siku hiyo hiyo.

Tukumbuke: mpaka miezi 6, mtoto hunyonya maziwa ya mama tu. Baada ya hapo, aendelee kunyonya huku akipewa chakula. Anayeweza kula uji mzito kwa kijiko, apewe hivyo hivyo. Kimea kinamfaa hasa anayeshindwa kumeza au anayetoka katika ugonjwa. Na uji peke yake hautoshi: ongezeni maziwa, njugu zilizosagwa, maharagwe au mafuta kidogo.

Maswali ya kujadiliana
- Hapa kwetu, mama hujuaje kwamba uji umefika kiasi cha kumpa mtoto?
- Bakuli la kwanza lilimeza vikombe vingapi vya maji?
- Nani katika kikundi atatengeneza kimea cha mkutano ujao?