Rekodi za Kikoa kwa Vyama Vyenye Seva ya Barua Pepe

Katika ukaguzi nilikuta chama kimoja cha msingi kilichojinunulia seva na kuanza kujiendeshea barua pepe kwa jina lake chenyewe. Seva ilifanya kazi vizuri. Hata hivyo taarifa ya kilo za kahawa iliyopelekwa kwa mnunuzi iliangukia katika barua taka, na malipo ya wakulima yakachelewa wiki tatu. Katibu aliilaumu seva. Kosa lilikuwa katika rekodi za kikoa, yaani maandishi ambayo chama huyaweka katika daftari la majina la intaneti ili seva za wengine ziyasome.

Rekodi ya MX hutaja seva ipokeayo barua. Hutaja jina, si namba. Nalo jina hilo sharti liwe na rekodi ya A yenye anwani ya IP. Hapa wengi hawakosei, maana akosaye hapati barua hata moja na hujua siku hiyo hiyo.

Shida iko katika barua zitokazo. Rekodi ya PTR hutazama kinyume: mpokeaji huanza na anwani ya IP akauliza ni ya nani. Kwa kawaida hii huwekwa na kampuni iliyowapa anwani hiyo, si na chama. Basi iombeni kwa maandishi, na jina liwe lile lile ambalo seva hujitambulisha nalo. Katibu yule alikuwa hajapata kusikia habari zake.

SPF ni kama hati ya watia saini tuipelekayo benki: hutaja seva zenye idhini ya kutuma kwa jina la chama. Ikiwa seva ipokeayo ndiyo pekee itumayo, yatosha kuandika v=spf1 mx -all. Rekodi hii iwe moja tu. Zikiwa mbili, mpokeaji huhesabu kuwa ni kosa.

DKIM ni muhuri. Seva hutia saini kila barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi huandikwa katika kikoa ili mpokeaji ahakikishe. Ule wa siri usitoke ndani ya seva.

Lakini SPF peke yake haikagui jina la mtumaji ambalo msomaji huliona. Mwizi aweza kumwandikia mnunuzi kwa jina la chama kwamba akaunti ya benki imebadilika. DMARC ndiyo huziba pengo hilo: p=none huacha barua ipite, p=quarantine huiweka katika taka, p=reject huikataa. Anzeni na none, msome taarifa zirudizo, kisha mpandishe. Kubaki katika none ni sawa na kumwajiri mlinzi aandike tu majina ya wezi.

Tangu Februari 2024 Google inadai PTR, pamoja na SPF au DKIM, kwa kila mtumaji. Wenye kutuma barua 5,000 kwa siku hudaiwa zote pamoja na DMARC. Kabla ya msimu, tumeni barua ya majaribio kwa anwani ya Gmail, mfungue barua asilia, mwone kama SPF, DKIM na DMARC zimeandikwa PASS. Ukurasa huo uchapishwe, uwekwe katika faili la ukaguzi.