KIKUNDI KINACHOJIFUNZA HAKIFI MWALIMU AKIONDOKA



Vikundi vingi huanza kwa shangwe. Siku ya kwanza wanakuja watu 30. Mwenyekiti anachaguliwa, katibu anachaguliwa, mweka hazina vile vile. Baada ya miezi sita wamebaki 9. Ukiuliza kulikoni, utaambiwa, "Mwalimu wetu alihama," au, "Katibu ndiye aliyejua kuandika, na sasa ameolewa Voi." Daftari lipo, lakini hakuna anayeweza kulisoma. Na pesa za watu zimo mle.

Hapo tunamlaumu aliyeondoka. Lakini mtu ana haki ya kuolewa, kuhama au kupata kazi kwingine. Kosa letu ni kwamba tuliweka maarifa yote ya kikundi kwenye kichwa kimoja. Kichwa kile kilipoondoka, kikundi kikaondoka nacho.

Je, tufanye nini?

MFANO WA KENGELENI

Tusiende mbali kwanza. Wengi wetu hupita Kengeleni kila siku tukienda Kongowea sokoni, na ile kengele ya zamani tunaiona. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Freretown iwe makao ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kengele ilipigwa kuwaonya watu kama kuna hatari.

Watu wale hawakuwa wa kabila moja. Kulikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine. Hawakuwa na ukoo wala shamba la baba. Ilibidi wajifunze kuishi pamoja, kusoma, kulima na kufanya kazi za mikono.

Jambo la kuangalia ni hili: baadhi ya walimu wao walikuwa Waafrika waliowahi kuwa watumwa wenyewe. Waliokolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa Nasik, Bara Hindi, wakasomeshwa, kisha wakarudi pwani yetu. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Maisha ya Freretown hayakuwa mepesi, na wamisionari ndio walioshika amri. Lakini aliyefundishwa jana alimfundisha aliyekuja leo.

MFANO WA TANZANIA

Mwaka 1973 jirani zetu wa Tanzania walifanya kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya." Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kujifunza. Kwa wiki 12 walikutana, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu pamoja, halafu wakajadiliana. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa pale pale, aliyepewa mafunzo mafupi ya kuongoza mazungumzo.

Tena hawakuishia kwenye mazungumzo. Kila kikundi kiliamua kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu, kuchemsha maji ya kunywa. Somo lilionekana kwa macho nje ya nyumba.

TUANZE VIPI SISI?

1. Anzeni na shida inayouma. Msianze na somo kwa sababu mgeni amelileta. Tuseme nyinyi ni akina mama wa kuuza viazi na vitunguu. Mmoja anasema, "Mimi hununua gunia la bei ya chini, lakini faida siioni." Hilo ndilo somo lenu.

2. Tafuteni ukweli wenyewe. Wiki hiyo kila mmoja apime gunia lake kwenye mizani, aandike kilo na bei. Mkikutana tena, pigeni hesabu. Tuseme gunia moja la sh. 3,000 limetoa kilo 50. Kilo moja ni sh. 60. Gunia jingine ni la sh. 2,800, lakini limetoa kilo 40 tu. Kilo moja ni sh. 70. Kumbe lile la "rahisi" ndilo ghali! Tena toeni viazi vilivyooza kabla ya kupima, msije mkajidanganya.

3. Kila mmoja afundishe. Katika somo hili la viazi, anayejua mizani atawaonyesha wenzake kuisoma. Msichana aliyemaliza shule ataonyesha kugawanya. Na yule mama aliyekaa sokoni miaka 20, hata kama hajui "a" wala "be," atafundisha kutambua gunia lililojazwa viazi vizuri juu na vibovu chini. Asidharauliwe. Kutojua kusoma si kutojua kitu.

4. Kazi zizunguke. Katibu awe na msaidizi anayeandika naye. Kila mkutano hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wote, na mtu tofauti azirudie kwa maneno yake. Akikwama, mjue kuna wengine pia hawakuelewa. Wale wasiojua kusoma waanze na majina yao na tarakimu za daftari la kikundi. Masomo ya watu wazima, yale tunayoyaita ngumbaru, yalitiwa nguvu na serikali mwaka 1979, lakini mtu hushika upesi zaidi anaposoma pesa zake mwenyewe.

5. Linda mdomo wa mnyonge. Kuna watu wawili watatu katika kila kikundi ambao husema mpaka jua linatua. Mwongozaji awashukuru, kisha aulize, "Na wewe mama, uliye kimya, unaonaje?" Anayekosea asichekwe. Akichekwa mara moja, wiki ijayo hatakuja, na hatasema sababu.

6. Mkutane saa ambayo watu wanaweza. Anayekwenda sokoni alfajiri hawezi kusoma usiku wa manane. Saa moja na nusu mchana yatosha. Ni afadhali mkutano mfupi kila wiki kuliko semina moja kubwa kwa mwaka.

7. Rudini nyuma. Kila baada ya miezi mitatu jiulizeni: tulijifunza nini, tulikifanya, kimebadilisha nini nyumbani? Kama hakuna kilichobadilika, msione haya. Badilisheni njia.

NENO LA MWISHO

Mgeni akija na mafunzo, mkaribisheni, kwa sababu kuna mengi tusiyoyajua. Lakini kabla hajaondoka, hakikisheni kuna watu watatu kati yenu wanaoweza kurudia alichofundisha. Akiacha watatu, ameacha mbegu. Akiacha cheti cha kutundika ukutani tu, mtabaki mkikitazama.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

– Katibu wetu akihama kesho, ni nani anaweza kufungua daftari na kutuambia kila mmoja ana akiba kiasi gani?

– Kila mmoja ataje jambo moja analoweza kuwafundisha wengine.

– Ni nani aliyeacha kuja? Nani atakwenda kumwona wiki hii, si kumlaumu, bali kumwuliza?