Safari ya mbugani nchi tatu: Anza na kadi ya kliniki ya mtoto

Mkoa wa Simiyu unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ukitoka mjini Bariadi mwendo wa kilomita zipatazo 72 unafika Lamadi, na lango la Ndabaka liko mbele kidogo kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Hata hivyo, wapo watoto wengi wa Ngulyati na vijiji vya jirani wanaomjua simba kwa picha ya kitabuni tu.

Juni ni mwezi unaowapa wazazi wa huku nafasi. Shule zinafungwa, pamba inaingia sokoni na fedha kidogo inapatikana, na makundi ya nyumbu kwa kawaida yanakuwa upande wa magharibi wa Serengeti, yakielekea kaskazini. Ndiyo maana baadhi ya familia huanza kufikiria makubwa zaidi: tuanze Serengeti, tuvuke Sirari twende Maasai Mara nchini Kenya, kisha tumalizie Uganda kwa Queen Elizabeth na magorila wa Bwindi.

Ni mpango mzuri. Lakini wengi huanza kwa kuuliza bei ya gari na malazi, wakati swali linalopaswa kutangulia ni hili: mtoto wenu mdogo ana umri gani?

Familia moja, majibu manne

Tuchukue mfano wa familia ya Ngulyati yenye baba, mama, kijana wa miaka 16, binti wa miaka tisa na mtoto wa miezi saba anayenyonya. Mpango wao ni kuondoka Juni.

Kwa Serengeti pekee, familia hii haina kikwazo kikubwa. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiwango kilicho chini sana ya kile cha mgeni, na mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi.

Mambo yanabadilika wanapofika mpakani. Kenya na Uganda zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Uganda hudai cheti cha chanjo kwa kila msafiri mwenye umri wa kuanzia mwaka mmoja. Tanzania nayo hudai cheti kwa wanaoingia kutoka nchi zenye hatari hiyo, hivyo familia inaweza kupita vizuri wakati wa kwenda ikakwama wakati wa kurudi.

Chanjo hiyo ni dozi moja tu, na tangu Julai 2016 cheti chake kinatambulika kwa maisha yote. Lakini kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Anayechanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa bado hana cheti halali, hata kama karatasi anayo mkononi.

Baba, kijana na binti wanaweza kuchanjwa baada ya kuulizwa kuhusu afya zao. Tatizo liko kwa mama na mtoto. Mtoto wa miezi saba hachanjwi kwa ajili ya safari, kwa kuwa chanjo hii huanza kutolewa akiwa na miezi tisa, isipokuwa kukiwa na mlipuko. Na kwa kuwa chanjo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi tisa hapewi bila daktari kupima faida na hatari. Mjamzito, anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, na mwenye mzio mkali wa mayai nao waanzie kwa daktari.

Kwa umri wake, mtoto huyo hatadaiwa cheti mpakani. Wazazi wengi hulisikia hilo wakashusha pumzi. Lakini kutodaiwa cheti si sawa na kuwa na kinga. Mbu hasomi umri kwenye hati ya kusafiria.

Kwa familia hii, uamuzi wa busara ni kuigawa safari. Juni waende Serengeti wote watano. Nje ya nchi wasubiri Desemba, mtoto akiwa na mwaka na mwezi mmoja. Akitimiza miezi tisa atapata chanjo ya surua na rubela kama ratiba ya kliniki inavyotaka, na ya homa ya manjano inaweza kutolewa siku hiyohiyo au baada ya wiki nne. Mwelezeni mhudumu wa kliniki mapema ili zisigongane, na mumuulize chanjo ya homa ya manjano inapatikana wapi karibu nanyi.

Nyumbu huvuka, ninyi mzunguke

Kwenye ramani, Serengeti na Maasai Mara zimeshikana. Wapo wanaodhani wataendesha gari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Njia ya watalii ya Bologonja ilifungwa mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa, na haijafunguliwa tena kwa wageni. Nyumbu hupita bila kuulizwa, lakini binadamu hurudi barabara kuu na kugonga muhuri Sirari. Kwa Uganda, wengi hupita Mwanza, Bukoba na Mutukula.

Hesabuni saa hizo za barabarani kama sehemu ya safari. Mtoto anayetapika garini hupoteza maji haraka.

Kenya, Uganda na Rwanda zinaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa miongoni mwao, lakini Tanzania haimo kwenye utaratibu huo. Kila Mtanzania, hata mchanga, anahitaji hati yake: pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto ndicho mwanzo wa yote, kwa hiyo kama bado hamjakichukua, anzeni hapo. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake.

Jambo jingine dogo linalowashtua akina mama ni mifuko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Kenya pia, tangu Juni 2020, hairuhusu plastiki za kutumika mara moja, zikiwamo chupa za maji, kwenye hifadhi zake. Nepi zikae kwenye begi la kitambaa, na kila mtoto awe na chupa yake ya kujaza tena.

Malaria na malale

Malaria tunaijua. Chandarua chenye dawa kiende safari, kwa sababu si kila nyumba ya wageni inacho. Ndugu waliokaa miaka mingi Ulaya au sehemu zisizo na malaria wamepoteza sehemu kubwa ya kinga waliyokuwa nayo, hivyo wamuone daktari kuhusu dawa za kujikinga.

Malale husahaulika. Ugonjwa huu huenezwa na ndorobo, na Serengeti imo. Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliugua malale baada ya kutembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania. Hauna chanjo wala dawa ya kumeza kabla ya safari.

Ndorobo hufuata gari linalotembea na huvutiwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi vinavyotundikwa porini ni mitego yao. Kwa hiyo, walimu na wazazi, sare ya bluu ya shule ya msingi si vazi la mbugani. Mvalisheni mtoto nguo nzito kidogo, ya mikono mirefu, rangi ya udongo au kaki, na mfunge vioo mnapopita maeneo yenye ndorobo wengi.

Mtoto akipata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, semeni wazi alikokuwa. Kipimo cha malaria kikionyesha hana, wala homa haiishi, msirudie dawa ya mseto kwa kubahatisha. Ombeni damu iangaliwe vimelea vya malale, hasa kama aling'atwa na pakabaki kidonda au uvimbe wenye maumivu. Aina inayopatikana kwetu huenda kasi, na isipotibiwa huua ndani ya miezi.

Magorila, mapango na ziwa

Bwindi hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 15 kwenda kuwaona magorila. Katika familia yetu, ni kijana wa miaka 16 tu anayeruhusiwa, na binti abaki na mzazi mmoja. Mlimwambie kabla ya kuondoka nyumbani, si getini.

Mwenye mafua au kikohozi naye hurudishwa. Magonjwa yetu ya njia ya hewa yanaweza kuua magorila, ndiyo maana wageni huvaa barakoa na kukaa mbali.

Msiingie mapango yenye popo. Mwaka 2008 mtalii mwanamke kutoka Uholanzi alifariki kwa virusi vya Marburg baada ya kuingia pango katika msitu wa Maramagambo, ndani ya Queen Elizabeth. Kagera imepata milipuko ya Marburg mwaka 2023 na 2025, na Rwanda 2024. Milipuko hiyo ilidhibitiwa, lakini sikilizeni taarifa za Wizara ya Afya wiki ya kuondoka, na muwe tayari kuahirisha.

Pale Lamadi, watoto watatamani kuoga ziwani. Kichocho hakichagui mgeni wala mwenyeji.

Begi la dawa

Wekeni kipimajoto, parasetamoli ya kipimo cha mtoto, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, zinki, dawa ya mzio, bandeji, na dawa za kila siku za kutosha pamoja na za siku tano za ziada. Msitegemee kadi ya bima ya nyumbani nje ya nchi. Tengeni fedha ya matibabu ambayo haitaguswa.

Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye seli mundu. Kwao baridi na upungufu wa maji vinaweza kuleta maumivu makali, na milima ya Bwindi hupita mita 2,600. Mtoto huyo aonwe na daktari wake kwanza, abebe sweta na maji, na barua inayoeleza ugonjwa na dawa zake.

Leo jioni toeni kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa, andikeni umri wa kila mtoto siku ya safari, kisha ndipo mpige simu kuulizia gari.