Tangi Tupu Si Tangi Salama

Pikapu ya wakfu inayobeba jeneza mtaani kwetu imekuwa kongwe. Juzi ilizima katika mlima wa Mazeras, nasi tukimpeleka maiti kwao Mariakani. Ilipumzika, ikawaka, ikaenda kidogo, ikazima tena. Wafiwa wakashuka kusukuma, na maziko tuliyoyapanga baada ya Adhuhuri yakakaribia Alasiri.

Gari likizima namna hii, wengi huilaumu injini, ilhali aghalabu ni petroli isiyofika. Legeza kwanza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, kisha gari likaenda vyema, basi tundu la hewa limeziba. Kwetu haikuwa hivyo. Chujio lilijaa vumbi jekundu la kutu. Tulilibadilisha, likajaa tena siku ya nne. Maradhi yalikuwa tangini, na wa kulaumiwa ni sisi wenyewe. Kwa uchache wa mchango tulitia petroli kidogo kidogo, tangi likashinda karibu tupu miezi mingi, na unyevu wa hewa yetu ya pwani ukawa matone ndani yake. Maji ni mazito kuliko petroli. Hutuama chini yakalila bati.

Mipira nayo ilikuwa na nyufa. Ufa ulio upande wa kuvuta huenda usidondoshe hata tone, ila pampu huvuta upepo badala ya petroli. Wala usiweke mpira wa maji mahali pake, kwani petroli huuharibu upesi.

Tangi lilipoteremshwa, tuliona kitobo. Fundi, kijana mwema, akaandaa mashine ya kuchomelea.

“Limekauka tangu jana, shekhe.”

Nikamshika mkono. Kiwakacho si petroli yenyewe bali mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tangi tupu ndilo lenye nafasi ya mchanganyiko huo. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi, maana petroli hujificha katika kutu na katika maungio, kisha moto ukiigusa hutoa mvuke upya. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini. Na hatua chache tu kutoka hapo palikuwa na jiko la makaa la muuza chai. Watoto wawili wa madrasa walikuwa wamechutama wakitazama. Niliwaondoa kwanza, maneno yakafuata.

Fundi alisema amekwisha kuchomelea mengi. Sikumkadhibisha. Katika kamati pia wapo walioona kununua tangi jingine ni israfu. Nikawakumbusha kuwa katika fiqhi pato la wakfu huanza kuutengeneza wakfu wenyewe, kabla ya kugawiwa wanaostahiki. Tukapata tangi zima kutoka gari lililovunjwa, pamoja na mipira mipya na vibanio vyake.

Lile bovu tulimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, baada ya kumwambia waziwazi kuwa lilikuwa la petroli.